Mgonjwa wa Kitanda cha Saba

Mwandiga, Kigoma
11 Februari 2024

Dada Wema,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua zinanyesha bila kupumzika, mihogo imesimama vizuri, na Martini wa jirani ameoa msichana wa Ilagala. Harusi ilikatwa na mvua katikati, tukaishia kula wali ndani ya kanisa huku katekista akitukazia macho. Mama anakusalimu sana. Barua yake nimeiweka kwenye karatasi yake kama kawaida. Hii ni yetu wawili.

Usinitumie tena ujumbe kwa simu. Unajua simu yangu ndiyo inayorusha picha kwenye banda langu la video, na ule ujumbe wako wa Krismasi ulitokea kwenye skrini mbele ya watu arobaini. Wote walisoma kwamba nina deni la kukuomba radhi. Mpaka leo wananiuliza nilikosa nini. Karatasi inachelewa, lakini haina mdomo.

Sasa sikiliza. Unakumbuka kazi yangu: nakaa pembeni ya skrini na maiki, napunguza sauti, Wazungu wanasema yao na mimi nawaambia watu kwa Kiswahili. Nusu naelewa, nusu natunga. Mwezi uliopita nilipata mchezo mmoja wa hospitali kwenye flashi, nikaanza kuurusha. Sehemu ya tatu, daktari anaingia chumbani, analia juu ya mgonjwa wa kitanda namba saba. Nikatazama yule mgonjwa. Lile kovu lako la nyusi, ulilolipata ulipoanguka Kibirizi kwenye mawe. Nikasahau kutafsiri. Daktari akalia dakika nzima bila mtu wa kumsemea, watu wakaanza kupiga mabenchi.

Dada, nimeangalia sehemu kumi na tatu. Hujafungua mdomo hata mara moja, wala jicho. Ulituandikia kwamba wewe ni mwigizaji kwenye mchezo mkubwa. Je, ni kuigiza, au unaumwa kweli na wao wanakupiga picha?

Mama amesikia habari, naye kila Jumapili baada ya misa anataka nimpeleke. Nimemtengea benchi la mbele, karibu na spika.

Mdogo wako,
Erasto

Atlanta
2 Aprili 2024

Erasto,

Marahaba. Barua yako imetembea wiki saba, nadhani ilipitia kwa wajomba wote. Huku baridi inaondoka. Nimehamia chumba kingine, chenye dirisha la kutazama maegesho ya magari, na ninaishi na msichana wa Eritrea anayepika vizuri kuliko mimi. Mpe pole Martini kwa mvua. Karatasi ya Mama ni ile iliyokunjwa mara nne.

Kwa hiyo wewe ndiye mwizi wetu. Mimi nimesaini kurasa arobaini kwamba sitamwambia mtu yeyote hadithi inaelekea wapi, na mdogo wangu anaitangaza kwa maiki Mwandiga. Wakijua, tutafungwa gereza moja.

Siumwi. Ngoja nikueleze, maana nimechoka kupamba. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na binti wa bibi mmoja kazi yake ni kuchagua waigizaji. Alikuwa anatafuta mwanamke wa kulala bila kupepesa kope. Niliwashinda wanawake sitini kwa kulala, Erasto. Hicho ndicho kipaji changu. Kwenye hadithi nimezimia, hakuna anayejua natoka wapi wala jina langu, na madaktari wanakuja kitandani kunimwagia siri zao. Ni msimu wa pili sasa. Hapa anayesema na asiyesema ni madaraja mawili tofauti. Nikitamka neno moja, hata "maji", itabidi wanipandishe, kwa hiyo hawaniamshi.

Usidhani wenzangu wako huru. Yule daktari mkuu anaitwa Garrett. Ndevu zile haruhusiwi kunyoa, zimeandikwa kwenye mkataba. Mama yake mzee amepoteza kumbukumbu, anamwita kwa jina la daktari, naye anaitika. Yule bibi wa duka la maua, Marlene, aliigiza mke wa mtu kwenye mchezo mwingine miaka kumi na tisa. Waandishi walimuua Jumatatu, na Jumanne kadi yake ya getini ikakataa kufungua. Anasimulia huku anacheka, lakini kila tunapopita getini anaitazama kadi yake kwanza. Kila mwaka tukingoja kujua kama mchezo utaendelea, watu wazima wenye majumba wanakuwa kama watoto wanaosubiri matokeo ya darasa la saba.

Mimi nimefungwa kwa namna yangu. Siruhusiwi kunenepa, kukonda, kukata nywele, wala kulala mahali palipo zaidi ya saa moja kutoka studio. Ila kuanzia mwisho wa Mei mpaka Julai tunaachiwa. Hapo ndipo nataka unijibu vizuri. Kuna mchezo mwingine unataka kunijaribu mwezi Juni, na humo kuna maneno ya kusema. Kama Mama ni mzima, nitabaki nijaribu, nije mwakani. Kama kuna lolote, hata dogo, niambie nikate tiketi. Miaka minane sijamwona. Nijibu haraka, na ukiweza umpe mtu anayepanda ndege.

Usimwambie kwamba ninalala tu. Anaona aibu nikilala mchana.

Dada yako,
Wema

Mwandiga
19 Mei 2024

Dada Wema,

Shikamoo. Hatujambo. Umeme unakatika kila jioni, jenereta linakohoa kama mzee Adolf. Barua hii naipeleka kwa padre anayesafiri kesho, yeye ataiposti Roma.

Mama ni mzima. Anakula, anaimba kwaya, anagombana na kuku. Baki ufanye jaribio lako. Mwakani si mbali.

Ila umechelewa kuniomba nisimwambie. Sikumwambia unalala, lakini nimefanya jambo jingine. Jumapili ya kwanza nilipomleta, ulipotokea watu walimpigia kelele: mama, huyo hapo mwanao. Akasubiri. Daktari akalia akamaliza. Mama akaniuliza kwa sauti, "Mbona Wema hasemi?" Banda zima likageuka kunitazama. Nikabana sauti, nikatoa salamu yetu ya Kiha kwenye maiki, "Mwakeye, mama. Nimepumzika kidogo tu." Watu walicheka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Aliitikia salamu, akakuuliza kama unakula.

Tangu hapo nakusemea kila wiki. Unawashauri madaktari, unawagombeza wauguzi wavivu, unamwambia yule Garrett aoe. Mgonjwa wa Kitanda cha Saba sasa ni mtu maarufu. Banda la Ujiji wanarusha mchezo huohuo, lakini msemaji wao anakuacha umelala, na watu wake wanapanda gari kuja huku. Mama anarudi nyumbani amechangamka. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Erasto

Atlanta
8 Septemba 2024

Erasto,

Sijambo. Wewe nadhani hujambo pia.

Sista Leonia ameniandikia kutoka parokiani. Ananiuliza kama huku naweza kupata dawa ya matone ya Mama, "ingawa kwa kuwa sasa haoni kabisa, labda ni ya kupunguza maumivu tu." Aliandika hivyo kwa mwandiko wake mzuri, akidhani ninajua.

Nimerudia barua yako ya Mei. Mama aliuliza mbona Wema hasemi. Mtu mwenye macho angeuliza mbona Wema amelala. Ilikuwa imeandikwa pale, na mimi nikaisoma nikicheka kwenye basi.

Jaribio la Juni sikulipata. Walitaka niongee Kiingereza cha Kiafrika ambacho wao wamekisikia sijui wapi, na mimi sikijui. Nikakaa nyumbani Juni yote na Julai yote, nikitazama maegesho ya magari. Nilikuwa huru siku zaidi ya sitini. Ungeniambia Mei, ningefika Juni. Sasa tumeanza msimu mpya, nimo kitandani tena mpaka Mei ijayo.

Sitaki salamu za mtu yeyote. Niandikie jambo moja tu: mwezi Juni Mama alikuwa anaona kiasi gani?

Wema

Mwandiga
27 Oktoba 2024

Dada Wema,

Shikamoo. Najua hutaki salamu, lakini siwezi kuanza bila shikamoo, Mama yuko hapa anasikia kalamu.

Mwezi Juni alikuwa anaona dirisha lilipo, na mtu akisimama mlangoni aliona kivuli. Ungemkaribia sana, ukageuza uso upande wa kulia, angekuona nusu. Agosti mwanzoni hata hiyo nusu iliisha.

Ni presha ya macho. Hospitali walisema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Ilianza mwaka juzi, akidhani ni miwani. Alinikataza kukuambia. Aliniapisha kwa kaburi la baba, akasema ukijua utaacha kazi uje kukaa na kipofu, na nafasi yako watapewa wengine. Nikaapa. Hilo ndilo ningeweza kukuambia nikaishia hapo ukanisamehe kidogo.

Lakini kuna jingine, nalo ni langu. Nilipopata barua yako ya Aprili nilikaa nayo siku mbili. Nikafikiri: akija Wema, watu watamsikia mwenyewe, na yule mgonjwa wa maneno yangu ataisha. Dada, mimi ni mtu wa kubana sauti kwenye banda la mabati. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanatoka Ujiji kunisikiliza. Nilitaka iendelee kidogo. Nikaandika kwamba Mama ni mzima, nikampa padre haraka kabla sijabadili mawazo. Ninalala na jambo hilo na kuamka nalo.

Jumuiya ya mtaa wetu imekuweka kwenye sala za Jumatano. Nusu yao wanajua ni mchezo, nusu wanaombea upone kweli. Nimejaribu kuwaeleza, wameniambia sala haidhuru.

Sasa la mwisho. Watoto wa mabenchi ya nyuma ndio walioharibu. Wiki iliyopita mmoja alisema, "Huyu dada mbona kila siku amefumba macho, hata mdomo hauchezi." Mama alisikia. Njiani, ameshika kiwiko changu, akasema, "Wema hajawahi kuwa na maneno mengi hivyo. Huyo ni wewe, Erasto. Nilijua tangu aliponisalimu." Nikamwomba radhi. Akasema nisiombe, alikuwa anafurahi hata hivyo, maana ilikuwa lazima niwe nakuwaza wewe ili nikusemee.

Tukatembea. Tulipofika kwenye mihogo akasimama. "Mwambie aseme mwenyewe," akasema. "Hata neno moja. Nitalijua."

Unajua simu hashiki tangu ile iliyoleta msiba wa baba. Nilijaribu kumwekea sauti yako uliyoirekodi, akatoka nje kabla hujamaliza jina lake. Kwake sauti ya mtu kwenye simu ni sauti ya kifo. Spika ya bandani peke yake ndiyo anayoiamini.

Nipige makofi ukija. Ila uje.

Erasto

Atlanta
16 Machi 2025

Erasto,

Hamjambo huko. Mimi ni mzima wa mwili. Yule mwenzangu wa Eritrea ameolewa, nimebaki na chumba peke yangu na sufuria zake. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena, na miezi minne nimeshika kiapo. Nilikasirika mpaka nikachoka. Halafu nikajiuliza, ningekuwa mimi na maiki yako, ningeiachia? Sina hakika. Basi yaishe.

Novemba niliomba ruhusa ya wiki mbili. Mama mmoja mwenye cheo alinikumbatia, akatoa machozi, akasema hapana. Kitanda hakiwezi kukaa wazi, kila sehemu ina mtu wa kuja kulia pale. Nikamwambia waweke mto chini ya shuka. Akacheka, akidhani natania.

Mwezi uliopita mama yake Garrett alifariki. Hawakusimamisha kazi, kwa sababu kila siku ya studio imeshapangwa. Akaja kitandani kwangu na ndevu zake, akaanza maneno yaliyoandikwa, halafu akayaacha. Akaanza kulia kilio chake mwenyewe. Kichwa chake kilikuwa kifuani mwangu, nasikia anatetemeka. Nikakumbuka uliyoandika. Nikafumbua macho, nikatazama kamera, nikasema, "Mwakeye, mama."

Kila kitu kilisimama. Niliwaza: sasa watanifukuza. Nakuapia nilitaka. Nilikuwa nimeshahesabu nguo za kubeba. Nikalala pale nasubiri, na Garrett amenishika mkono hauachii.

Hawakunifukuza. Walirudia ile picha mara nne, wakaitana, wakasema ibaki. Wanasema ni kitu kizuri kuliko vyote walivyopiga mwaka huu. Sasa wameleta karatasi nyingine: mgonjwa ameamka, ana jina, anasema. Mkataba ni wa miaka minne. Hakuna likizo ya Juni mwaka huu, maana wanataka kuanza mapema. Wakili wa chama chetu cha waigizaji amesoma, akaniambia kwenye ile karatasi ya kwanza nilishawapa haki ya kunibakisha wakinihitaji. Nikikataa, wanaweza kunizuia nisifanye kazi hii mahali popote kwa miaka hiyohiyo minne. Natakiwa kujibu Ijumaa.

Nikuambie na langu, kwa kuwa uliniambia lako. Ninaitaka. Miaka mitatu nimelala nikisikiliza watu wakisema, na sasa wananipa mdomo. Nikifikiria kuukataa, nasikia kama nafukiwa. Nikifikiria Mama amesimama kwenye mihogo ameshika kiwiko chako, vilevile nafukiwa. Kuna sauti mbaya inaniambia kwamba hata nikija hataniona, kwa hiyo haraka ya nini. Naichukia, lakini imo.

Nimekata tiketi ya tarehe 4 Aprili, ile inayoweza kurudishwa. Barua itachukua wiki tano. Nikifika mimi kwanza, itanikuta jikoni na tutaitumia kuwashia moto wa chai. Ikifika yenyewe kwanza, utakuwa umeshajua nilichojibu.

Safari hii usimfiche. Msomee yote, hata ile sauti mbaya.

Wema

Mwandiga
8 Juni 2025

Dada Wema,

Shikamoo. Huku ni kiangazi, vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye chumvi. Mke wa Martini amejifungua mtoto wa kike. Walitaka jina lako, nikawaambia lina kazi nyingi, lakini hawakusikia. Kwa hiyo Wema mdogo yupo.

Barua yako ilifika Jumanne baada ya Pasaka. Wewe hukufika.

Nilimsomea Mama yote kama ulivyotaka. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Sehemu ya Ijumaa alitaka niirudie. Nilipomaliza alisema, "Basi amesaini," akaendelea kuchambua. Baadaye aliniuliza kama yule Garrett alipata mtu wa kumzikia mama yake, nikasema sijui. Akasema nimuulize kwenye barua. Nakuuliza.

Usiku ule sikumsikia akilia, na nilisikiliza.

Ile sehemu yako niliipata mwanzoni mwa Mei. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumsemea Garrett, mazuri, nimeyaandika kabisa. Banda lilijaa mpaka watu wamesimama mlangoni, maana jumuiya walishatangaza kwamba sala zao zimejibiwa. Nilipoinua maiki, Mama akanyoosha mkono akanishika. Akasema, "Leo nyamaza." Nikaongeza sauti ya spika. Garrett akalia kwa Kiingereza bila mtafsiri, watu wakaanza kupiga mabenchi, Alphonce wa mabenchi ya nyuma akauliza kama nimekufa. Halafu ukasema.

Dada, huko kwenu hakuna aliyeelewa. Huku banda zima liliitikia, wazee kwa watoto, kama mtu amepiga hodi. Mama peke yake hakuitikia. Aliniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara tano, na hakuna aliyelalamika. Ya mwisho alisema, "Sauti imekonda," akasimama, akaitikia salamu yako polepole, akakaa.

Tangu uamke unasema sana, na unasema vizuri. Nikikusikia najua umefundishwa na mtu, maana Kiingereza chako kimekuwa na mabega. Mimi ningeweza kumtafsiria Mama kila neno, sasa nayaelewa karibu yote. Nimemwomba. Hataki.

Kwa hiyo ndivyo tunavyofanya. Wengine wote nawasemea kama zamani, Garrett, Marlene, wauguzi. Ukitokea wewe, nazima maiki. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Anainamisha kichwa upande wa spika na kukaa hivyo, mpaka umalize kusema.

Mdogo wako,
Erasto